Kingamwili za Kuazima

Katika ile miaka ambayo maradhi ya korona yaliizunguka dunia, yalizuka matumaini mengi, na miongoni mwa yale yaliyotangulia lilikuwa tumaini la damu ya watu waliougua wakapona. Hoja yake ilifahamika hata kwa mtu ambaye hakupata kusoma elimu ya tiba: mtu akipona maradhi ya virusi, mwili wake huwa umekwisha kuunda kingamwili, nazo ni protini ndogo mno ambazo hushikamana na virusi na kuvizuia visiingie ndani ya chembe hai, kingamwili hizo huelea katika yale maji ya manjano ya damu ambayo matabibu huyaita plazma, basi maji hayo yakitengwa na chembe nyekundu, kisha yakatiwa mshipani mwa mgonjwa aliye mahututi, mbona mgonjwa huyo asipate auni ya kinga ambayo mwili wake mwenyewe haukupata muhula wa kuiunda?

Hoja ilikuwa nzuri, na kwa kuwa ilikuwa nzuri ilipimwa kwa bidii. Huko Uingereza, katika jaribio liitwalo RECOVERY, wagonjwa 11,558 waliolazwa hospitali waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu yao wakapewa plazma ya waliopona juu ya matunzo ya kawaida, na nusu wakapewa matunzo ya kawaida peke yake. Siku 28 zilipotimia, waliofariki walikuwa asilimia 24 upande huu na asilimia 24 upande ule. Jaribio jingine la mataifa kadhaa, liitwalo REMAP-CAP, liliwatazama wagonjwa mahututi karibu 2,000, yaani wale hasa ambao jamaa zao walihangaika kuwatafutia damu hiyo, nalo likasimamishwa kwa sababu hesabu zilidhihirisha kwamba faida haitapatikana. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, madaktari wa Kampala, katika hospitali ya Mulago, waliwapima watu 136 katika miezi ya mwisho ya mwaka 2020, na wala hawakuona kwamba plazma iliharakisha kuondoka kwa virusi au kwamba iliokoa roho.

Mtu mwenye pupa ya kuhukumu angeufunga mjadala hapo. Lakini mwaka 2023 yakatangazwa matokeo ya Ubelgiji, ya wagonjwa 475 ambao wote walikuwa wamekwisha kuunganishwa na mashine za kupumulia, na plazma waliyopewa ilichaguliwa kwa kipimo: haikukubaliwa ila ile iliyoweza kuvizima virusi hata ikiwa imezimuliwa mara 320, au mara 160 pale ilipoadimika. Waliofariki katika siku 28 walikuwa asilimia 35.4 miongoni mwa waliopewa, na asilimia 45.0 miongoni mwa wasiopewa. Tena faida hiyo ilielemea upande wa wale waliotiwa plazma katika saa 48 za mwanzo tangu kuunganishwa na mashine. Hata kabla ya hapo, Wamarekani walikuwa wamewatazama wagonjwa 3,082 waliopewa plazma, wakaona kwamba waliobahatika kupata mfuko wenye kingamwili nyingi walifariki asilimia 22.3, ilhali waliopata mfuko wenye kingamwili chache walifariki asilimia 29.6, ila tofauti hiyo haikuonekana kwa waliokuwa wamekwisha kuwekwa katika mashine. Nao Waingereza, walipojaribu kingamwili zilizotengenezwa maabara badala ya plazma, waliona kwamba zilipunguza vifo kutoka asilimia 30 hadi 24 kwa wagonjwa ambao damu yao haikuwa na kingamwili zake yenyewe. Aliyekuwa nazo tayari hakuongezewa kitu.

Ukiyasoma matokeo haya moja moja, utadhani kwamba wataalamu wanapingana. Ukiyasoma kwa pamoja, utaona yanashuhudia jambo moja. Kingamwili za kuazima humfaa mtu asiye na zake, zikiwa nyingi, na zikifika kabla ya virusi kumaliza kazi yake. Mgonjwa aliye mahututi wa korona aghalabu amekwisha kupita siku kumi na zaidi tangu aambukizwe, damu yake imekwisha kuamka na kuunda silaha zake, na kinachomuua si virusi tena bali ghasia ya mwili wake mwenyewe. Kumwongezea plazma wakati huo aghalabu ni kumpa kitu alicho nacho kwa ajili ya adui ambaye amekwisha kuondoka.

Jirani zetu wa Kongo walikuwa wameliona jambo hili katika maradhi yaliyo makali kuliko korona. Mwaka 1995, Ebola ilipoushambulia mji wa Kikwit, wagonjwa wanane walitiwa damu ya watu waliokwisha kupona, na saba kati yao wakaishi. Habari hiyo ilienea duniani, wala hakuna wa kulaumiwa kwa kuishangilia; lakini watu wanane ni wachache, walitibiwa mlipuko ukikaribia mwisho na uuguzi ukiwa umekwisha kutengemaa, na yamkini baadhi yao walikuwa wamekwisha kuvuka siku za hatari. Miaka ishirini baadaye, huko Conakry nchini Guinea, plazma ya waliopona ilipewa wagonjwa 84 wa Ebola pasipo kujulikana kila mfuko ulikuwa na kingamwili kiasi gani. Waliofariki walikuwa asilimia 31, nao waliotibiwa kabla yao bila ya plazma walikuwa wamefariki asilimia 38, na tofauti hiyo, ilipohesabiwa pamoja na umri wa wagonjwa na wingi wa virusi vyao, haikusimama. Kilichofaulu hatimaye ni kingamwili moja iliyopatikana katika damu ya mtu aliyenusurika Kikwit, damu iliyochukuliwa miaka 11 baada ya kupona kwake, ikasafishwa na kuzalishwa kwa wingi hata ikajulikana kila chupa ina kiasi gani. Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliijaribu pamoja na dawa nyingine tatu katika Kongo ya mashariki kuanzia Novemba 2018. Waliofika wakiwa na virusi vichache katika damu, wakapewa kingamwili hiyo, walifariki takriban asilimia 10. Waliofika wakiwa wamejaa virusi walifariki takriban asilimia 70, na dawa ilikuwa ni ile ile.

Hayo yote, kwa maoni yangu, yangaliweza kutabiriwa na mganga yeyote aliyepata kufanya kazi katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Wilaya hizi, ambazo Mto Mara hupita kati yao ukielekea Ziwa Viktoria, moja ikipakana na Kenya pale Sirari na nyingine ikipakana na hifadhi iliyoipa jina, zimeishi miaka mingi na maradhi ambayo ndani yake suala la kingamwili za kuazima huonekana wazi kuliko katika maradhi mengine yoyote niyajuayo, nayo ni kichaa cha mbwa. Hapa ufugaji wa mbwa si anasa. Boma la Mkurya au la Mwikoma lisilo na mbwa wa kulinda ng'ombe na mbuzi ni boma lisilo na macho usiku, na watoto wanaochunga hukua pamoja na mbwa hao, hucheza nao, na hung'atwa nao. Duniani kote watu wapatao 59,000 hukadiriwa kufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na katika kila watu kumi wanaong'atwa wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15.

Mbwa mwenye kichaa aking'ata, virusi huingia pamoja na mate. Hukaa kwanza katika nyama ya jeraha, kisha hushika mshipa wa fahamu na kuupanda kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Muda kati ya kung'atwa na kuugua aghalabu ni mwezi mmoja hadi mitatu, na huwa mfupi zaidi jeraha likiwa usoni au kichwani. Katika muda huo wote aliyeng'atwa hula, hulala, huenda shule na malishoni, na damu yake haionyeshi kingamwili za maana, kwa kuwa virusi ni vichache na vimejificha mahali ambapo kinga ya mwili haipati habari zake. Siku koo litakapokakamaa kwa kuona kikombe cha maji, siku atakapoanza kuweweseka, kushtuka kwa upepo na kutokwa na mate, virusi vimekwisha kuufikia ubongo, na karibu kila mara mgonjwa huyo hufa, awe katika kitanda cha zahanati au katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali kubwa kuliko zote.

Sasa tazama tatizo lilivyo. Lau tungetaka kumtibu aliyeng'atwa kwa plazma ya waliopona, tungekwenda kubisha hodi kwa nani? Waliopona kichaa cha mbwa karibu hawapatikani. Ndiyo sababu wanazuoni wa tiba walilazimika kuwatengeneza watu wa kuazima kinga ambao hawakuugua kamwe. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba kinga dhidi ya pepopunda na dondakoo huweza kuhamishwa kutoka mnyama mmoja hadi mwingine ndani ya maji ya damu, na Behring akapewa kwa sababu hiyo Tuzo ya Nobeli ya kwanza ya tiba mwaka 1901. Kwa njia iyo hiyo farasi walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, wakatolewa damu. Baadaye wakachanjwa watu wenye kujitolea, nao wakatoa plazma yao. Kinachochujwa humo huitwa imunoglobulini ya kichaa cha mbwa, na ukiitazama kwa haki ni ndugu wa ile plazma ya korona, isipokuwa kwamba hii imepimwa: kila chupa huandikwa idadi ya vizio vyake, na kila mgonjwa hupewa kwa kadiri ya uzito wake, vizio 20 kwa kila kilo ikiwa ni ya binadamu, au 40 ikiwa ni ya farasi. Mtoto mwenye kilo 15 huhitaji vizio 300 vya ile ya binadamu, navyo kwa kawaida ni mililita mbili tu za maji.

Ithibati ya nguvu yake ilipatikana Uajemi, mwezi Agosti mwaka 1954, pale mbwa mwitu mmoja wa nchi za baridi, mwenye kichaa, alipouvamia mji wa Sahneh usiku na kuwang'ata watu 29. Walisafirishwa hadi Teheran, kwenye Taasisi ya Pasteur, ambako Marcel Baltazard na Mahmoud Bahmanyar walikuwa na akiba ya seramu iliyokuwa ikingojea kupimwa. Watu 18 walikuwa na majeraha ya kichwa, ambayo ndiyo ya hatari zaidi kwa sababu njia ya kuufikia ubongo ni fupi. Watano kati ya hao walipewa chanjo peke yake, na watatu wakafa. 13 walipewa chanjo pamoja na seramu, akafa mmoja. Miongoni mwa waliookoka alikuwamo mtoto wa miaka sita ambaye jino la mnyama yule lilikuwa limetoboa fuvu la kichwa chake. Damu zao zilipopimwa baadaye ilionekana kwamba waliopewa seramu walikuwa na kingamwili tangu siku za mwanzo kabisa, ilhali wale wa chanjo peke yake walikaa zaidi ya wiki mbili kabla kingamwili zao hazijaonekana. Takwimu za watu 18 si nyingi, nami nimekwisha kuikosoa habari ya Kikwit kwa uchache wa watu wake. Lakini hapa wote waling'atwa usiku mmoja na mnyama mmoja, na kiwango cha kingamwili kilipimwa, mambo mawili ambayo Kikwit haikuwa nayo.

Basi kazi ya imunoglobulini ni kuziba pengo. Chanjo huufundisha mwili kuunda kingamwili zake, na somo hilo huchukua siku saba hadi kumi au zaidi. Imunoglobulini hudungwa ndani na kandokando ya jeraha lenyewe siku ya kwanza, ili virusi vikutane nayo pale pale vilipoingilia, kabla havijashika mshipa. Ikipita wiki moja tangu chanjo ya kwanza haitolewi tena, kwa kuwa mwili umekwisha kuanza kujitegemea na kingamwili za kuazima huweza kuuzubaisha. Mtu wa Tarime hahitaji kuelezwa zaidi: sungusungu waliosimama langoni mwa zizi jioni, na sungusungu wale wale waliofika alfajiri ng'ombe wakiwa wamekwisha kuvushwa mto, idadi yao ni moja na silaha zao ni zile zile.

Kuna habari moja ya chumba cha wagonjwa mahututi ambayo watu huitaja kila mara kama hoja ya kupinga haya, nayo yafaa kuelezwa sawasawa. Mwaka 2004, katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, msichana wa miaka 15 aling'atwa na popo, hakuchanjwa, na baada ya mwezi hivi akaugua. Matabibu walimlaza usingizi mzito kwa dawa, wakampa dawa za kupambana na virusi, na kwa makusudi hawakumpa chanjo wala imunoglobulini, kwa kuwa walimkuta tayari ana kingamwili zake mwenyewe katika damu na katika maji ya uti wa mgongo, wakachelea kuivuruga kazi iliyokwisha kuanza. Viwango vya kingamwili hizo vikazidi kupanda, naye akaishi. Wengi duniani walitibiwa kwa namna hiyo baada yake, na karibu wote wakafa. Maoni yangu ni kwamba aliokolewa na mwili uliowahi kuamka kuliko ilivyo desturi ya maradhi haya, huku usingizi na mashine vikimshikilia hai mpaka kingamwili zake zishinde. Na kwamba hakuna wilaya hata moja duniani iwezayo kuweka matumaini yake juu ya jambo la nadra kiasi hicho, seuze wilaya ambayo mgonjwa hufikishwa hospitali akiwa amepakiwa kwenye bodaboda.

Turudi Serengeti, ambako maradhi haya yamechunguzwa kwa subira kuliko karibu mahali pengine popote katika Afrika. Sarah Cleaveland, daktari wa mifugo kutoka Uingereza, pamoja na wenzake wa Tanzania, walianza kuwachanja mbwa wa vijiji vya wilaya hiyo mwaka 1996, wakiiacha wilaya jirani ya Musoma kuwa ya kulinganisha. Baada ya kampeni ya kwanza, kichaa miongoni mwa mbwa kilipungua kwa asilimia 70. Baada ya ya pili, kwa asilimia 97. Na watu waliokwenda hospitali kwa kung'atwa na mbwa wenye kushukiwa wakapungua vilevile, jambo ambalo Musoma haikuliona. Mwaka 2002 Cleaveland na wenzake walikadiria, kwa kufuata hesabu za majeraha, kwamba Tanzania hupoteza watu wapatao 1,500 kwa mwaka kwa kichaa cha mbwa, idadi ambayo huenda ni mara mia ya ile iliyokuwa ikiandikwa katika taarifa rasmi. Sababu ya tofauti hiyo haina siri. Mtoto aliyeanza kuogopa maji kijijini hufia kijijini, na aliyefia kijijini haingii katika daftari la hospitali.

Kisha wakaja Katie Hampson na marehemu Daktari Magai Kaare, Mtanzania ambaye jina lake lastahili kujulikana zaidi katika mkoa wa Mara kuliko linavyojulikana. Njia waliyoifuata ilikuwa ya kutembea: kutoka katika daftari la hospitali kwenda kwa aliyeng'atwa, kutoka kwake kwenda kwa mwenye mbwa, kutoka kwa mwenye mbwa kuuliza mbwa huyo naye aling'atwa na nani, boma kwa boma. Kazi hiyo, iliyoendelezwa tangu mwaka 2002, imefuatilia zaidi ya maambukizo 3,000 ya wanyama katika wilaya moja, na imefunua jambo ambalo lingepaswa kututia moyo: mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, huambukiza zaidi kidogo ya mbwa mmoja mwingine tu. Surua, kwa kulinganisha, mtu mmoja huweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18. Maradhi yenye mwendo mdogo hivyo huzimika kwa kuchanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka, wala haihitajiki kumfikia kila mbwa aliye porini; na wanyama wa mwitu, mbweha, nyegere, fisi na wengineo, ingawa huugua na kufa, hawakuonekana kuwa wao ndio wanaokihifadhi kichaa hicho. Mbwa wa nyumbani ndiye mwenye nacho.

Ikiwa ni hivyo, mbona maradhi hayajaisha? Kwa sababu chanjo haikufika kila kijiji kila mwaka, na kwa sababu mbwa wenye kichaa na watu wenye kusafiri na mbwa huvuka mipaka ya wilaya. Pemba, iliyo kisiwa, iliondoa kichaa cha mbwa kwa kuchanja, ikaingiziwa tena mwaka 2016, ikakiondoa tena. Serengeti haina bahari ya kuilinda, na kila inapokaribia kuyazima maradhi hupata cheche kutoka wilaya za jirani. Hapo ndipo Tarime inapoingia katika hesabu. Mto Mara wakati wa kiangazi huvukwa kwa miguu mahali pengi, na mbwa hasomi bango la halmashauri.

Upande wa binadamu hali ni ngumu zaidi. Chanjo ya aliyeng'atwa hupatikana katika hospitali za wilaya, lakini huja ikapungua, na familia nyingi hulazimika kusafiri mara kadhaa ili kukamilisha dozi. Imunoglobulini, katika hospitali nyingi za wilaya nchini, aghalabu haipo kabisa, kwa kuwa ni ghali, huhitaji baridi, na huharibika kabla ya kutumika. Maana yake ni kwamba mtoto wa kijiji kama Gorong'a au Robanda aliyeng'atwa usoni hupewa kile ambacho wale watano wa Sahneh walipewa mwaka 1954. Hata hivyo siku hizi Shirika la Afya Duniani halisisitizi tena kudunga dozi nzima mwilini. Hushauri kiasi kinachotosha jeraha tu, na kinachobaki katika chupa kiwafae wengine, jambo ambalo huifanya chupa moja iwatibu watu zaidi ya mmoja. Fauka ya hayo, zimekwisha kutengenezwa kingamwili za maabara zinazoweza kushika nafasi ya damu ya farasi na ya watu, nazo zimeruhusiwa India tangu mwaka 2016. Zikishuka bei, hoja ya ughali itapungua nguvu.

Lakini katika jambo hili lote, lililonivutia zaidi ni kwamba kiwango cha kingamwili chenye taathira kubwa kuliko vyote kwa uhai wa watu wa Mara hakipimwi katika damu ya mtu. Hupimwa katika damu ya mbwa. Kipimo kinachokubalika cha kinga ya kichaa ni nusu ya kizio katika kila mililita ya damu, na kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba chanjo ya mbwa isipokaa katika baridi la jokofu haitafikisha mbwa kiwango hicho, imani ambayo ilivifunga vijiji visivyo na umeme nje ya mlango. Felix Lankester na wenzake walilijaribu jambo hilo Tanzania, wakatangaza mwaka 2016 kwamba chanjo iliyowekwa miezi sita katika joto la nyuzi 25, au miezi mitatu katika nyuzi 30, iliwapa mbwa kingamwili sawa na ile iliyotoka katika jokofu. Kisha Ahmed Lugelo na wenzake wakabuni namna ya kuihifadhi kijijini katika mitungi miwili ya udongo, mmoja ndani ya mwingine, kati yake ukiwekwa mchanga uliolowa maji, na mkoa wa Mara ukawa mahali pa kujaribia ikiwa mchanjaji aishiye katika kata yenyewe, mwenye mtungi wake, aweza kuchanja mwaka mzima badala ya kungojea gari la wilaya lije siku moja na kuondoka. Mbwa wa kijijini huzaa mara kwa mara na kufa upesi. Kampeni ya siku moja huacha watoto wote watakaozaliwa kesho yake bila ya kinga hadi mwaka mwingine, ilhali mwenye mtungi huwapata.

Kwa hiyo nikiulizwa shilingi ya halmashauri za Tarime na Serengeti itangulie wapi, nitajibu pasipo kusita kwamba itangulie kwa mchanjaji wa mbwa, mwaka baada ya mwaka, katika wilaya zote mbili kwa wakati mmoja. Ifuate kwa chupa chache za imunoglobulini zitakazowekwa Mugumu wilayani Serengeti na mjini Tarime kwa ajili ya wenye majeraha ya uso, kichwa na vidole. Na chumba cha wagonjwa mahututi, kwa maradhi haya, kiwe cha mwisho kabisa. Nawe msomaji, mbwa akikung'ata wewe au mwanao, hata kama ni mkwaruzo, usingojee kuona kama mbwa huyo atakufa: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda kituo cha afya siku iyo hiyo, ukadai chanjo, na ukaulize kwa sauti kama imunoglobulini ipo.